Kabla Hujaagiza cha Bei Chee

Mkulima wa kahawa wa Rugu, Karagwe, hana haja ya kufundishwa maana ya bei ya kutupa. Anaijua kwa jina lake: butura. Kahawa ingali mbichi mtini, ada ya shule imefika au kuna mgonjwa ndani, na mwenye fedha taslimu anakuja kununua zao lisiloiva kwa bei ambayo mwenye shamba asingeikubali kama angeweza kusubiri miezi michache tu. Serikali imepiga marufuku butura, viongozi wa ushirika huikemea kila msimu, na bado ipo, kwa sababu shida ya nyumbani haisubiri mnada. Anayenunua anaiita biashara. Anayeuza anajua kwamba lile punguzo limekatwa kwenye jasho lake.

Ninaanzia hapo kwa sababu siku hizi sisi wenyewe tumehamia upande wa mnunuzi. Kwenye makundi ya WhatsApp ya Kayanga, Omurushaka na Nyaishozi, na kule Nkwenda na Isingiro upande wa Kyerwa, picha zinapita tangu asubuhi: gauni elfu tisa, viatu vya mtoto elfu saba, spika, saa ya mkononi, taa ya sola. Nyingi zimechukuliwa kwenye programu za kuuzia za China, kama Shein, Temu na AliExpress, au zimetumwa na mawakala wanaozunguka masoko ya jumla ya Guangzhou na Yiwu. Unatuma nusu ya bei kwa simu, unasubiri meli, mzigo unashuka Dar es Salaam, unapakiwa kwenye basi la Karagwe, na mwisho bodaboda anakufikishia mfuko wa nailoni mlangoni.

Watu wananiuliza kama kununua hivi ni dhambi. Jibu langu lina sehemu mbili. Mwenye nafasi ya kuchagua ana wajibu wa kuuliza nani amelipa ile tofauti ya bei. Asiye na nafasi, kama bibi anayelea wajukuu na hana zaidi ya elfu saba ya kiatu cha mtoto, asisutwe na mtu yeyote. Wengi wetu tuko katikati: mwezi mmoja tunaweza kuchagua, mwezi mwingine hatuwezi. Mbinu zifuatazo ni za huo mwezi tunaoweza.

Jua kwanza nani analipa

Gauni la elfu tisa limetumia kitambaa, uzi, zipu, umeme, mkasi na mikono ya mtu. Shirika la Public Eye la Uswisi lilituma watafiti kwenye karakana za Guangzhou zinazoshonea Shein, na mwaka 2021 likaripoti kwamba mafundi waliohojiwa walifanya kazi takriban saa 75 kwa wiki, wakilipwa kwa kila kipande. Waliporudi miaka michache baadaye walikuta saa ni zilezile. Sheria ya kazi ya China yenyewe inaweka kikomo cha saa 36 za ziada kwa mwezi mzima. Mwaka 2024 Shein ilikiri katika ripoti yake kwamba mwaka uliotangulia ilibaini kesi mbili za watoto kufanya kazi kwa wazabuni wake, ikasema ilisimamisha kwa muda kuagiza kwao. Kuhusu Temu, kamati ya Bunge la Marekani ilionya mwaka 2023 kwamba hatari ya bidhaa zake kuwa na kazi ya kulazimishwa ni kubwa mno, kwa sababu kampuni haikuwa na mfumo wa maana wa kufuatilia wauzaji wake.

Sasa weka hilo karibu na jambo linaloikabili kahawa yetu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa inayoingia kwao ithibitishwe kwamba haikulimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mwagizaji aonyeshe kwenye ramani shamba lilikotoka zao lile. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo. Mwagizaji wa kahawa wa Ujerumani atatakiwa kujua kibanja chako kiko wapi, na wewe unayevaa gauni la Guangzhou unaambiwa usiulize limeshonwa na nani. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Kama mkulima wa Rugu anaweza kutakiwa ajieleze hadi mpaka wa shamba lake, muuzaji wa nguo anaweza kutakiwa ataje karakana.

Hapa kuna mtego wa kuepuka. Baadhi ya watu wakishasikia habari hizi husema basi tusinunue tena kitu cha China. Huo ni msimamo rahisi kuutamka na mgumu kuuishi, maana hata ndoo, kufuli na taa zinazouzwa dukani Kayanga nyingi zimetoka hukohuko. Tena haumsaidii yule fundi. Ulaya wakiacha kunywa kahawa kwa kuonea huruma mkulima aliyebanwa na butura, mkulima huyo atalala njaa. Anachohitaji ni bei ya haki na mnunuzi anayejulikana, na fundi wa Guangzhou anahitaji hayohayo. Kwa hiyo usipime bidhaa kwa nchi ilikotoka. Ipime kwa mambo mawili: je, muuzaji anajulikana na anaweza kuulizwa? Na je, bei hii inaweza kweli kumlipa kila aliyeshika kitu hiki? Bei ikiwa chini kuliko gharama ya kitambaa peke yake kwa muuza vitambaa wa Omurushaka, jibu unalo tayari.

Piga hesabu ya siku, uache ya lebo

Bei unayoonyeshwa kwenye picha haijakamilika. Chukua mfano, kisha weka tarakimu zako mwenyewe. Gauni 9,000. Meli na ada ya wakala 3,000. Kifurushi cha basi 4,000. Bodaboda 2,000. Makato ya kutuma pesa 500. Tayari uko kwenye 18,500, na hujajumlisha wiki za kusubiri wala uwezekano wa kupokea saizi isiyokuingia. Hesabu hii iandike kwenye karatasi kabla ya kutuma hata senti. Wengi wakiiona imeandikwa huacha wenyewe.

Hatua ya pili ni kugawa jumla hiyo kwa siku za matumizi. Viatu vya shule ndivyo mfano mzuri zaidi, kwa sababu mwaka wa masomo Tanzania una siku 194 na mtoto anakanyaga njia ileile kila siku, vumbi kiangazi na tope masika. Kiatu cha 12,000 kinachoachia soli baada ya siku 60 kimekugharimu shilingi 200 kwa siku. Kiatu cha ngozi cha 30,000 kikimaliza mwaka mzima kimekugharimu kama 155 kwa siku. Ukimpelekea fundi viatu akakishona kwa 3,000 na kikaendelea nusu mwaka mwingine, umeshuka hadi karibu 113. Kiatu ghali ndicho rahisi. Na fundi viatu aliyeketi pembeni ya gulio amepata 3,000 ambazo zingeishia kwenye soli mpya ya plastiki.

Tatizo, najua, ni kwamba 30,000 haipatikani kwa siku moja. Hilo nitalirudia, kwa sababu lina dawa.

Kuhusu punguzo la asilimia 80 na saa inayohesabu dakika za mwisho: usiziamini. Mwezi Julai 2025 mamlaka ya Ufaransa iliitoza Shein faini ya yuro milioni 40 kwa kutangaza mapunguzo ya kupotosha, baadhi yakiwa kwenye bei iliyopandishwa kwanza kisha ikashushwa. Kama programu hizo ziliwadanganya Wafaransa wenye wakaguzi na mahakama karibu, sisi tusidhani tunapewa upendeleo. Kanuni yangu ni moja, na inatosha: ukipenda kitu, hifadhi picha, halafu subiri gulio lijalo. Ukifika gulioni, tafuta kitu kama kile, kishike, uulize bei. Ukirudi nyumbani bado unakitaka cha mtandaoni, una sababu. Ukiwa umekisahau, hukukihitaji.

Vitu vya kutonunua kwa muuzaji asiyejulikana

Hapa sina maneno ya kulegeza. Kuna bidhaa ambazo bei yake haijalishi, na usiziagize kwa mtu ambaye hawezi kuwajibishwa.

Vya watoto ndivyo vya kwanza. Mwaka 2024 mamlaka ya jiji la Seoul, Korea Kusini, ilikuwa ikinunua na kupima bidhaa za Shein, Temu na AliExpress kwa mfululizo. Ilikuta viatu na mikoba yenye kemikali za kulainisha plastiki, ziitwazo thaleti, kupita kikomo chao kwa mbali sana. Jozi moja ya viatu ilizidi kikomo zaidi ya mara 200. Kemikali hizi huvuruga homoni. Mwezi Julai 2025 Tume ya Ulaya nayo ilitoa matokeo ya awali dhidi ya Temu, ikisema mnunuzi wa soko hilo ana uwezekano mkubwa wa kukutana na bidhaa zisizokidhi viwango, ikitaja vichezeo vya watoto wachanga na vifaa vidogo vya umeme. Mtoto wa miezi minane hutia kila kitu mdomoni. Mpe kijiko cha mti au kopo safi lenye punje za maharage lililofungwa vizuri, atacheza na kufurahi vilevile.

Vipodozi, hasa vya kung'arisha ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na krimu isiyo na jina la mtengenezaji inaweza kuwa nazo zote mbili. Dawa na vifaa vya kupimia presha au sukari viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; kipimo kinachodanganya ni hatari kuliko kutokuwa na kipimo, kwa sababu mgonjwa atakiamini.

Chochote cha kuchomekwa kwenye umeme au chenye betri kubwa: chaja, pasi, hita ya maji, betri ya sola. Nunua dukani, kwenye boksi lenye alama ya TBS, shirika la viwango, kwa mtu ambaye kesho utamkuta palepale. Kitu kufika nchini hakuthibitishi kwamba kimepimwa. Kwa simu kuna njia rahisi ya kujilinda: bonyeza *#06# upate namba za IMEI, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakujibu simu hiyo ni ya aina gani. Ukijibiwa tofauti na unachokiona mkononi, usilipe. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na waliozinunua kwa bei chee walibaki na vipande vya plastiki.

Na kofia ngumu za bodaboda, pamoja na vipuri vya breki. Vijana wa barabara ya Omurushaka wanaelewa ninachosema.

Muulize fundi kabla ya kuuliza simu

Karagwe haikuanza jana kuletewa bidhaa za mbali. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo Kafuro, karibu na ikulu ya Omukama Rumanyika pale Bweranyange, wakileta vitambaa na shanga na kuondoka na pembe za ndovu. Mpelelezi Mwingereza Speke alifika ikulu hiyo mwaka 1861 akakuta pia kazi ya wahunzi wa hapa, na ng'ombe wa chuma na zana za kifalme za Karagwe bado zinasomwa na wanahistoria kama kazi za ustadi mkubwa. Bidhaa za nje ziliingia na ustadi wa ndani ukawepo, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuhitaji na kuulipia.

Leo mafundi cherehani wapo kwenye kila senta, na wengi wanaishi kwa kupunguza suruali na kubadili zipu. Tumewaachia viraka na kazi ya kushona nguo nzima tumeipeleka mbali. Kabla ya kuagiza gauni, mpelekee fundi picha ileile ya kwenye simu umwulize mambo matatu: kitambaa gani kinafaa na ni mita ngapi, kushona ni kiasi gani, na siku ngapi. Mara nyingi jumla itazidi ile 18,500. Lakini utapata nguo iliyopimwa mwilini mwako, yenye mshono wa akiba wa kuachia ukinenepa, na fundi unayemjua ikichanika. Pesa uliyompa itanunua ndizi kwa jirani, italipa mchango wa kikundi, itarudi kwako kwa njia usiyoiona.

Mafundi nao wana sehemu yao, na ni lazima isemwe. Watu wanakimbilia simu pia kwa sababu wamechoshwa na "njoo kesho". Fundi akiahidi Ijumaa, iwe Ijumaa. Akipokea kitambaa cha mteja, asikipe kipaumbele cha mwisho kwa sababu aliyekuja baadaye ana pesa zaidi. Kijana anayeshona kwa wakati Rugu hashindwi na programu yoyote, maana programu haiwezi kuleta nguo Jumamosi kwa harusi ya Jumapili.

Mitumba je? Ina ubishi wake mkubwa. Viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo viinuke. Marekani ikatishia, sisi na baadhi ya wenzetu tukarudi nyuma, na majirani zetu wa Rwanda walioshikilia ushuru wao walisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani mwaka 2018. Ubishi huo haujaisha. Lakini kwa mnunuzi mwenye elfu tano mkononi, shati la pamba la mtumba lililokwisha kufuliwa mara nyingi na bado limesimama ni chaguo bora kuliko blauzi mpya ya poliesta ambayo itapoteza umbo mfuo wa pili.

Ukiamua kuagiza

Kuna vitu ambavyo havishonwi wala havichongwi hapa, na duka la karibu halinavyo: kipuri cha cherehani, kioo cha aina fulani ya simu, mashine ndogo ya kunyolea. Kuagiza kwa ajili hiyo sioni ubaya. Agiza kwa akili.

Usipokee herufi za saizi. Chukua tepu ya fundi, pima kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa sentimita, kisha omba vipimo vya nguo yenyewe kwa sentimita. Saizi za China mara nyingi ni ndogo kuliko tulizozoea. Uliza imetengenezwa kwa nyuzi gani na ina uzito wa gramu ngapi. Gauni la mtu mzima lenye gramu chache sana litaonyesha mwili mchana kweupe. Omba picha au video ya mzigo uliokwisha kumfikia mteja mwingine, isiyo na mwanamitindo.

Mlipe mtu mwenye jina. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ni salama kuliko namba binafsi inayoleta jina usilolitambua. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, na omba risiti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi, kwa hiyo ukimuuliza jina kamili na mahali alipo hujamkosea adabu. Asiyetaka kujibu, muache. Usitume picha ya kitambulisho cha NIDA kwa ajili ya kununua sufuria. Ukipata ujumbe wa kitapeli, upeleke 15040. Ukishaibiwa, piga kwa mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla pesa haijatolewa kwa wakala.

Kwa bidhaa mbovu au bandia, wa kuwaendea ni Tume ya Ushindani, FCC, na TBS; zote zina ofisi za kanda Mwanza na hupokea malalamiko kwa simu. Peleka risiti, picha na mazungumzo ya WhatsApp. Usiyafute kwa hasira.

Agizeni pamoja. Majirani watano wakiweka mzigo mmoja, gharama ya basi na bodaboda inagawanyika, mifuko ya nailoni inapungua, na mmoja wenu atagundua kwamba kitu anachotaka kuagiza mwenzake anacho na hakitumii.

Mnunuzi naye ana adabu zake. Usiende dukani Kayanga ukajaribu kiatu, ukapimwa mguu, ukaelezwa, kisha ukatoka kwenda kuagiza saizi ileile kwenye simu. Mwenye duka analipa pango, leseni na kodi ili wewe upate pa kujaribia. Na ukimwagiza binti wa kundi la WhatsApp, mzigo ukifika mlipe. Wako wasichana waliokopa kwenye kikundi ili kuwajazia wateja malipo, mzigo ulipofika wateja wakazima simu. Kumsusia mzigo mtu mwenye mtaji wa elfu hamsini ni dhuluma, hata kama gauni lenyewe lilikuwa rahisi.

Kwenu mnaouza: taja bei hadi Rugu, si hadi Dar es Salaam. Weka picha halisi. Kikija kibaya, rudisha pesa au gawana hasara na mteja, na kitu ambacho usingemvalisha mwanao usikitangaze. Wewe ndiye mtu pekee katika mnyororo mzima ambaye mteja anaweza kumgongea mlango, na huo ndio mtaji wako mkubwa.

Mwisho wa kitu ni kibanja chako

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha, na kwetu ni zito kuliko mijini. Nyumba ya Karagwe imesimama katikati ya migomba. Maganda, majani, majivu na takataka za jikoni hurudi shinani. Ndivyo vibanja vilivyolisha vizazi. Hakuna gari la taka linalopita Rugu. Kwa hiyo gauni la poliesta, ambalo nyuzi zake zimetokana na mafuta ya petroli, likichanika litaishia kwenye matandazo, na halitaoza. Ukilichoma, moshi wake unaingia jikoni. Betri ya taa iliyokufa ikitupwa shinani au chooni, metali zake zinabaki kwenye udongo unaokuotesha ndizi na kwenye maji ya kisima.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 kwa sababu kama hizi. Kifungashio cha mtandaoni kinarudisha nailoni kwa mlango mwingine.

Kama unataka kujua nguo uliyonayo ni ya nini, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uchome kwa uangalifu. Pamba hugeuka jivu na kunukia kama karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kabla ya kununua chochote, jiulize kitazikwa wapi. Betri zilizokufa zitunze kwenye chombo kikavu, mbali na watoto, umrudishie muuzaji wa sola au mnunuzi wa vyuma chakavu anayezipokea. Nguo iliyochakaa mpe fundi atoe vifungo na zipu, zilizobaki ziwe matambara.

Anza mwezi wa kahawa

Nilisema tatizo la kiatu cha 30,000 lina dawa. Fedha ya kahawa inaingia katikati ya mwaka na kuendelea. Mahitaji ya shule yanatukuta Januari, mifuko ikiwa imekauka baada ya sikukuu, na hapo ndipo elfu saba ya kwenye simu inapotushinda nguvu. Mpango wa ununuzi wa haki unaanza na kalenda. Malipo ya chama cha msingi yakiingia, tenga ya viatu na sare kabla ya kitu kingine. Oktoba wapime watoto, uache nafasi ya kukua, mpe fundi kazi wakati hana foleni. Novemba chukua nguo, kagua mishono, lipa salio.

Wenye vikundi vya kuweka na kukopa, nawaomba jambo moja. Kwenye mkutano ujao ulizeni ni watoto wangapi wa wanakikundi watahitaji sare na viatu Januari, andikeni vipimo vyao vyote, kisha iteni mafundi wa kata watoe bei ya jumla mbele yenu. Na yule bibi mwenye wajukuu, kama yupo kwenu, mwekeni kwenye orodha hiyo hata kama hisa zake hazijatimia.